Siku Kumi na Moja Chini ya Gari

Mtaa mzima ulimwita Ngurumo, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika. Jina lilitokana na gari lake. Lilikuwa gari la zamani, refu, la silinda sita, lililomzidi mke wake umri kwa miaka miwili. Ujana ulipokuwa ukimchemka, alikuwa ameng'oa manifodi iliyokuja na gari kutoka kiwandani, lile dude zito la chuma cha kusubu linalokusanya moshi wa injini na kuupeleka kwenye ekzosi. Mahali pake akafunga hedasi za kununua, mabomba sita membamba yaliyojipinda kama nyoka waliofumaniwa. Tangu siku hiyo gari lake likawa halipiti mtaani, linajitangaza.

Mke wake alikuwa fundi cherehani. Waliitana "fundi mwenzangu", yeye akiwa na mafuta mikononi, mke akiwa na pini mdomoni. Hawakujaaliwa mtoto, na wenye midomo yao walisema kifungua mimba wao ni lile gari, kwa jinsi lilivyolia kuliko watoto wote wa jirani. Mke alicheka pamoja nao. "Wangu hanyonyi," alikuwa akijibu. "Wangu anakunywa petroli."

Halafu ugonjwa ukaingia nyumbani bila hodi. Ulianza na kichwa, ukahamia kwenye macho, ukaishia kwenye miguu. Madaktari walisema walichoweza kusema, wakampa vidonge vya maumivu, wakamrudisha kitandani kwake. Mdogo wake wa kike akafunga nyumba yake akaja kumuuguza.

Jioni moja mgonjwa akasema, "Nipelekeni kwa mama."

Mama yake alikuwa ajuza asiyeona vizuri, anaishi mwendo wa saa tano kwa gari, na kwa hali yake hakuweza tena kusafiri. Kwa hiyo mtoto ndiye aende. Ngurumo hakuuliza mara mbili. Asubuhi akaliwasha gari mbele ya mlango, akaenda kumshika mkono mkewe. Mkewe alifika kizingitini, akajishika masikio, akaanguka magoti na kutapika. Kila mlio wa zile hedasi ulimwingia kichwani kama msumari. Ngurumo akakimbia kuzima injini.

"Shemeji," mdogo mtu akasema walipokwisha kumrudisha kitandani, "yule jirani wa teksi anakubali kutupeleka. Gari lake hata ukilala ndani hulisikii."

"Teksi?" Ngurumo akamtazama kama aliyetukanwa. "Mke wangu apelekwe kwa mama yake na gari la watu, na mimi fundi wa magari niko hai? Nipe siku mbili. Manifodi ya zamani ninayo kule bandani, naifunga, gari linarudi kuwa pole kama lilivyozaliwa."

"Chelewa chelewa, shemeji..."

"Siku mbili tu."

Mgonjwa akafumbua jicho moja. "Mbili kweli, fundi mwenzangu?"

"Mbili."

"Haya. Lakini mimi ningekwenda hata na mkokoteni."

Wakacheka wote watatu, na Ngurumo akakichukua kile kicheko kuwa ndiyo ruhusa.

Banda lake lilikuwa nyuma ya nyumba, upande wa chumba cha mgonjwa. Siku ya kwanza alifungua nati za hedasi moja moja, kwa upole, huku akizimwagia mafuta ya kulainisha kutu. Kumi zikatoka. Ya kumi na moja, iliyo nyuma kabisa ya injini mahali ambapo mkono hauingii ila kwa kubembeleza, ikakatika na kuacha kipande cha bolti ndani ya silinda hedi, kichwa chenyewe cha injini. Mtu yeyote aliyewahi kushika spana anajua maana yake. Siku mbili zikaisha akiwa anatoboa kile kipande kwa drili, kidogo kidogo, akichelea kuharibu tundu.

Siku ya nne akaitoa manifodi ya zamani chini ya magunia, akaipiga brashi ya waya. Chini ya kutu akakuta mwufa. Chuma cha kusubu hakichomelewi hivihivi. Lazima kipashwe moto taratibu na kupoozwa taratibu, la sivyo kinapasuka pengine. Akampelekea fundi wa kuchomelea, akasubiri. Iliporudi akaiwekea rula ya chuma, akaona imejikunja, haitakaa sawa kwenye injini, na moshi ungevuja kwa mlio uleule wa kuumiza. Akaanza kuisugua kwa tupa na msasa. Bomba la mbele, linalounga manifodi na ekzosi, nalo lilikuwa limetupwa miaka na miaka iliyopita. Ikabidi lichongwe jipya.

Shemeji alimletea chai bandani na kuikuta baadaye ina utando. Aliimwaga, akaondoka na kikombe. Alikuwa amekwisha kusema.

Siku ya nane mgonjwa alimwita mwenyewe, kwa sauti nyembamba iliyopita dirishani. Ngurumo akaja akasimama mlangoni mwa chumba, mikono ameinua mbele kama daktari wa upasuaji, imejaa masizi hadi viwiko.

"Njoo ukae hapa."

"Mikono yangu hii, nitachafua shuka."

"Shuka zinafuliwa."

"Nimekaribia, mke wangu. Imebaki kukata gasketi ya kuziba moshi tu na kufunga. Kesho kutwa tuko njiani."

Mkewe akamtazama. Uso wake ulikuwa umepungua, ukabaki macho. "Haya," akasema. "Kazi njema, fundi mwenzangu."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho aliyomwambia. Siku ya tisa ulimi ulikuwa mzito, siku ya kumi haukutamka chochote.

Siku ya kumi na moja, mchana, Ngurumo alikaza nati ya mwisho na kuliwasha gari. Likawaka kwa upole hata akaweka kiganja juu ya boneti kuhakikisha kama kweli linatetemeka. Akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akakata kucha, akavaa shati safi, akaingia chumbani. Mwuguzi wa zahanati alikuwa ameinama juu ya kitanda.

"Gari liko tayari," Ngurumo akasema.

Mwuguzi akatikisa kichwa. "Mzee, huyu hasogezwi tena. Hata hadi mlangoni."

Basi ndipo akakaa. Alikaa siku tatu kwenye kiti ambacho mkewe alikalia akishona cherehani, ameshika mkono usiomshika. Mtu wa maneno machache akawa msemaji. Alimweleza mkewe habari za bolti iliyokatika, za mwufa, za namna alivyokata gasketi kwa mkasi wake wa kushonea bila kumwomba, na kwamba anaomba radhi, mkasi umepoteza makali. Alimwambia asilale sana, barabara ni nzuri. Alfajiri ya siku ya tatu mkewe akafariki, na yeye bado anaongea.

Mipango ya mazishi ikaachwa kwa ndugu na majirani. Habari za msiba hazikutakiwa kumfikia yule ajuza kwa simu, kwa hiyo aliambiwa tu kwamba wanakuja, na Ngurumo na shemeji yake wakaingia garini kwenda kumweleza kwa mdomo. Gari lilikwenda vizuri mno. Ungeweza kusikia pumzi ya mtu.

"Shemeji," Ngurumo akasema walipokuwa wamekwenda saa mbili, "siku zile nikiwa bandani, alikuwa akisema nini?"

"Unataka ukweli au unataka faraja?"

"Ukweli."

Shemeji akageuzia uso dirishani. "Siku ya tano aliniambia nimwite yule wa teksi. Nikamwita. Gari likaja mpaka mlangoni. Nikamvisha gauni lake la bluu, nikamsimamisha, nikamfikisha sebuleni. Wewe ukaanza kupiga nyundo huko nyuma. Akasimama, akasikiliza. Akaniambia, 'Mwambie dereva aende zake. Huyu mtu akitoka na kazi yake mkononi akute sipo, atavunjika.' Akarudi kitandani na miguu yake mwenyewe. Ndiyo mara ya mwisho kutembea."

Ngurumo akasogeza gari pembeni, akalisimamisha, akashuka, akaenda kusimama kwenye majani, amelipa gari mgongo. Shemeji aliyaona mabega yake. Alikuwa amemkasirikia siku kumi na nne, na hasira ilikuwa bado ipo, lakini alishuka akamshika mkono akamrudisha kwenye usukani, maana yeye hakujua kuendesha na mama alikuwa akingoja.

Ajuza walimkuta barazani kwa jirani yake aliyekuwa akimtunza, amevaa nguo ya kutokea.

"Nani hao?"

"Ni mimi, mama. Mkweo."

"Ah! Karibu, baba, karibu! Mwambie mwanangu ashuke polepole, hapo pana jiwe."

Ngurumo akapiga magoti mbele yake, akaichukua mikono yake miwili, akamwambia. Ajuza hakupiga yowe. Aliuliza tu, "Alinitaka?"

"Alikutaka, mama. Siku nyingi."

"Sasa mbona hukuniletea?"

Njia nzima alikuwa ameliandaa jibu. Angesema ugonjwa ulikuwa mzito, angesema madaktari, angesema Mungu.

"Nilikuwa natengeneza gari," akasema.

"Gari," ajuza akarudia. Hakumlaani, wala hakumwambia maneno ya kumpoza. Alichomoa mikono yake taratibu, akapapasa hewani mpaka akampata binti yake mdogo, akamwegemea kifuani, na hapo ndipo kilio kikatoka.

Majirani wakaanza kuja na viti. Mmoja wao, mwanamume wa makamo, akamwendea Ngurumo aliyekuwa bado amepiga magoti peke yake.

"Pole sana, ndugu yangu. Samahani, gari limeziba njia, na watu wanazidi kufika. Unaweza kulisogeza kidogo?"

Ngurumo akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, akampa.

"Lisogeze wewe," akasema. "Tafadhali."