Mgonjwa wa Kiti cha Nyuma

"Usishike! Wallahi Nadhira usishike kitu, piko mbichi hiyo!"

Ni Abdulrahman huyo, anapiga kelele huku gari linakohoa na kusimama kando ya barabara, hapo unapotoka Ukunda kwenda Msambweni. Nyuma, dada yake amenyanyua viganja juu kama mwizi aliyeshikwa. Wametoka kwa mpambaji Diani. Mikono imejaa maua meusi ya piko mpaka viwikoni, miguu mpaka vifundoni, na harusi ni kesho kutwa! Vioo vimefungwa, kanga zimetundikwa madirishani, maana mwari haonwi. Na akionwa na wote, basi asionwe na bwana harusi.

Bahati, gereji ilikuwa pale pale. Fundi Jefwa akafunua boneti, akaguna.

"Kompresa ya AC imekwama, imekata na ukanda. Bila kompresa mpya hamwendi."

"Naifuata mjini," akasema Abdulrahman. "Lakini nyuma kuna mgonjwa. Ana tetekuwanga. Mtu asimfungue!"

Akadandia bodaboda, akaenda zake. Tetekuwanga! Nadhira alitamani kumng'ata.

Jefwa akachomoa waya wa betri, na vioo vya umeme vikafa palepale, havishuki tena. Joto likaanza. Jasho likatoka kwenye paji, likashuka puani, likaning'inia. Atalifuta na nini? Akalipuliza kwa mdomo, likaingia jichoni. Nje Jefwa anaongea na simu:

"Twahir! Ile kompresa niliyoiona dukani kwako, ipo bado? Basi niletee mwenyewe, nina mgonjwa anaiva humu."

Ukunda nzima Twahir muuza spea ni mmoja, naye ndiye bwana harusi!

Atoroke? Kwa miguu yenye piko, mbele ya mafundi sita? Apige simu? Kwa kidole kipi? Kitufe cha kufungia mlango nacho kilikuwa kimevunjika, gari lenyewe la kuazima. Akabaki anasoma dua zote anazozijua, mpaka ile ya kupanda chombo.

Pikipiki ikafika. Sauti anayoisikia kila usiku kwenye simu ikasema, "Jefwa, mnampika mtu! Mfungulieni apate hewa."

"Ana tetekuwanga."

"Mimi niliugua zamani, hainipati tena."

Nyayo zikaja. Kitasa cha mlango kikacheza. Nadhira hakufikiri: akadaka mshikio wa ndani kwa viganja vyote viwili, akavuta mlango usifunguke. Akaisikia piko ikitelezea kwenye mshikio, baridi, ua baada ya ua.

"Niache, mwanangu," akakwaruza sauti kama ajuza.

Nje kitasa kikaachiwa.

"Shikamoo bibi," akasema Twahir, kwa adabu zake zote.

Afanye nini jamani? "Marahaba."

"Pole na maradhi. Niombee dua bibi, kesho kutwa naoa."

"Mungu... akupe mke mwema," akasema Nadhira, machozi na jasho vimechanganyika.

"Amin. Nasikia ni mwema, ila mbishi."

Nyayo zikaondoka. Jefwa akafunga kompresa mpya na ukanda wake, akajaza gesi, na hewa baridi ikaja kumpuliza Nadhira wakati hakuna tena cha kuokoa. Abdulrahman alirudi mikono mitupu. Alipoviona viganja vya dada yake, akashika kichwa.

Walipofika Milalani simu ikang'aa kitini. Ujumbe wa Twahir, maneno mawili tu: *Shikamoo bibi.*

Nadhira akautazama mpaka kioo kikazima. Amemjua kwa sauti, au amemwona? Hata kuuliza hakuweza: akiuliza tu, amekiri.

Mlangoni nyumbani, Bi Ummulkheir, somo yake anayemfunda kwa ndoa, alimshika mikono akaigeuza juani. Viganja vyeusi tii, hakuna ua hata moja.

"Ala! Nadhira! Nani kakushika?"

"Hakuna, somo."

"Hakuna? Na hili ni nini?"

"Kesho, somo yangu. Leo niache nioge kwanza. Kesho nitakwambia yote, na lililobaki, Twahir akipiga simu usiku huu, nitakuwa nimeshalijua."