Majani ya Mzee Solomoni

Usiponiamini sikulaumu. Lakini jambo hili limetokea kweli, saa nne asubuhi, jua linawaka, magharibi ya Mlima Meru, na sufuria ya chai ilikuwepo.

Lesian alikuwa amechuchumaa kwenye kibanda cha jiko, anabofya kiwashio cha gesi. Tik. Upepo. Tik. Upepo tena. Tik, moto ukashika. Alipogeuka, Mzee Solomoni alikuwa amesimama mlangoni, ameshika majani mabichi kwa mikono miwili.

Majani! Kwa Waarusha, mtu akikujia na majani hivyo, amekuja kuomba msamaha.

"Shikamoo, baba. Karibu, chai inakuja."

"Marahaba. Ero, kijana wangu, sikufuata chai."

Lesian ni mlinzi wa dishi. Dishi lile kubwa la wanasayansi linasikiliza mlio mmoja kutoka mbali huko angani, mfupi kuliko kupepesa kope. Kwa hiyo chini hapa kusiwe na kelele ya umeme hata chembe. Simu Lesian anazikusanya getini. Pikipiki zinabaki bondeni. Hata jiko, sheria inasema, liwashwe kwa kiberiti. Sasa masika hii njiti zilikuwa zinalowa, akajinunulia kiwashio dukani, kule Sokon I. Kacheche ka umeme kadogo vile kangemsumbua nani?

Wiki tatu nzima dishi likawa linanasa kelele, kila siku saa nne asubuhi. Lesian hakujiuliza mara mbili. Fensi ya umeme ya jirani, Mzee Solomoni! Ile ya kuzuia nguruwe pori. Mzee akaizima, kelele ikabaki. Jumapili, watu wanatoka ibadani, Lesian akapaza sauti nje ya kanisa: "Huyu mzee anaiwasha kwa siri! Mzee mzima, mwongo!"

Watu wakacheka. Mzee akashika njia ya shambani. Alienda akang'oa nyaya zote, na kabla wiki haijaisha nguruwe walishafukua viazi vyake, shamba zima.

"Nimewaza sana," mzee alisema sasa. "Fensi sina, na bado mnasema kelele ipo. Wewe nakujua tangu unachunga ndama, hukuwa mtoto wa uongo. Basi lipo kosa langu nisilolijua. Nisamehe."

Lesian hajafungua mdomo, mlango wa chumba cha mitambo ukafunguka, paa! Akatoka Aika, mtaalamu wa dishi, anakimbia na kandambili moja.

"Lesian! Imepiga tena! Sasa hivi! Tatu, zimefuatana! Tik, tik, tik!"

Tatu.

Lesian alihisi masikio yanaungua. Kiwashio kilikuwa bado mkononi. Akaurudisha mkono ndani ya shuka aliyojifunika, taratibu, kama mtu anayejikuna.

"Ni mimi tu, mwanangu," Mzee Solomoni alimwambia Aika, macho chini. "Labda kuna kipande cha waya nimekisahau ardhini. Nikitoka hapa nakwenda kuchimba."

"Hapana, mzee wangu, usijisumbue..." Aika akayaona majani. "Kwetu Machame, kuomba msamaha tunaleta jani la isale. Kaka Lesian! Mpokee basi. Unamwachaje baba wa watu amesimama hivyo?"

Majani yalikuwa na mizizi bado, na mizizi ina udongo mweusi wa shamba la viazi. Na majani ya namna hiyo hupokelewa kwa mikono miwili.

Lesian alitoa wa kushoto.

Nyuma yake chai ikafurika, ikamwagika shaaa, ikazima moto.

"Ona sasa!" Aika alicheka. "Liwashe tena, mzee wetu anywe."

Kiberiti kilikuwa juu ya rafu, kimelowa. Wote wawili wanamtazama, mkono wa kulia uko ndani ya shuka, kidole kiko kwenye kitufe.

Hebu niambie, ungekuwa wewe ungefanyaje?