Ini la Panya

Wanawake wengine hutumiwa viatu na waume zao walio ng'ambo, au marashi, au angalau picha ya mtu kasimama kwenye theluji akijifanya hasikii baridi. Bonareri alitumiwa ini la panya. Lilikuwa kipande chembamba ajabu, kimebanwa kati ya vioo viwili, na kando kando kimezibwa kwa rangi nyekundu ya kucha, ileile aliyoisahau kwenye mkoba wa Nehemiah siku ya safari. Kifurushi kilipitia sanduku la posta la Sarla, mwenye duka la vitambaa mjini Kisii, ambaye tangu Nehemiah aende Uingereza ndiye aliyekuwa akiwapokelea barua na simu.

"Mume yako ametuma kioo," Sarla alimwambia, akikigeuzageuza. "Mimi, Dev kijana yangu iko huko huko, hatumi hata kioo."

Tusimcheke Bonareri. Alikuwa mtaalamu wa maabara katika zahanati ndogo ya kanisa hapo mjini, na alijua thamani ya alichotumiwa. Nehemiah alikuwa akisomea vijichembe vya mafuta vya kubebea dawa hadi palipo na ugonjwa bila kuimwaga njiani. Vilikuwa vidogo mno, hadubini ya kawaida haivioni, kwa hiyo alivitia rangi inayong'aa ikimulikwa kwa mwanga wa buluu. Akivichoma kwa sindano kwenye mwili wa panya, baadaye hufuata mng'ao tu, na palipong'aa ndipo vilipofika.

Zahanati ilikuwa na hadubini ya namna hiyo, ya kutafutia vijidudu vya kifua kikuu. Bonareri alijifungia kwenye chumba cha giza, akaweka slaidi, akainama. Mwanzo giza tupu. Halafu nukta za kijani, nyingi, kama vibatari vya majirani ng'ambo ya bonde. Alilia papo hapo, kofia ya kazi ikiwa bado kichwani.

Nehemiah alikuwa amemwonya kwenye barua: usiitazame sana. Mwanga unaoiwasha rangi ndio huohuo unaoila, na ikishaliwa haiwaki tena.

Kwa hiyo Bonareri akawa bahili. Walioana mwaka wa tisini na mbili, wakakaa pamoja msimu mmoja wa mahindi, kisha ndege ikamchukua mume. Koti lake nyuma ya mlango lilikuwa limeacha kumnukia yeye, likanuka moshi wa stovu. Barua zilianza nene, zikakonda. Siku alizozidiwa, Bonareri aliitoa slaidi kwenye friji, akatazama kwa muda wa pumzi moja, akazima. Alijua fika kwamba anatazama ini la panya. Lakini kila nukta ilipita mikononi mwa Nehemiah, na mikono hiyo ndiyo aliyokuwa akiitamani mpaka usingizi unampaa.

Mwaka wa tisini na sita masomo yakaisha. Badala ya tarehe ya kurudi, ikaja barua kwa mama yake Nehemiah, Bathsheba wa Nyaramba: profesa anataka nibaki miaka miwili zaidi, Mama, naomba baraka zako. Nehemiah angeweza kubishana na profesa, angeweza kumbembeleza mke, lakini neno la mama yake hakuwahi kulivuka hata siku moja.

Bathsheba akaja mjini kumwambia Bonareri.

"Jumapili atapiga simu kwa yule Mhindi," akasema. Walizungumza Kigusii, na polepole, kama watu wanaoheshimiana. "Nitamjibu siku hiyo. Lakini kwanza nataka kuiona hiyo kazi yake. Uliniambia unayo kwenye kioo."

"Ninayo, Mama."

"Nikiona kitu, atabaki amalize. Nisipoona kitu, anarudi Krismasi hii. Miaka minne nimemtolea Mungu. Sitamtolea panya."

Bonareri angeweza kusema pale pale, Mama, mimi namtaka mume wangu. Maneno matano tu. Lakini mke aliyelelewa vizuri huko kwao hamwambii mama mkwe kwamba anamtaka mume. Angeonekana hana haya. Akaitikia kwa kichwa, akachemsha chai.

Jumapili asubuhi alifika zahanati kabla ya mtu yeyote, akafungua kwa ufunguo wake. Aliwasha taa ya hadubini, akasubiri ipate moto, akaweka slaidi. Nukta zikamtokea, hafifu kidogo kuliko zamani, lakini zipo. Safari hii hakuzima.

Zilianza kufifia kama mtu anayesinzia. Pale mwanga ulipopiga pakawa ukungu wa kijivu, basi. Mwanga hula pale tu unapopiga, hivyo ilimbidi asogeze slaidi, angoje, asogeze tena, mstari kwa mstari, kama mtu anayechuma majani chai asiyetaka kuacha hata kichaka kimoja. Hakuruka mahali. Anarudi Krismasi, akajiambia. Atakuja mwenyewe, na mikono yake, nukta nitazifanyia nini? Alipofika ukingoni hakujua kama anataka kufurahi au kulia.

Bathsheba aliingia saa nane akiwa amevaa nguo yake ya Sabato, ingawa Sabato ilikuwa jana. Alikuwa amejipamba kwa ajili ya kazi ya mwanawe. Bonareri akamkalisha, akamwonyesha jicho la kufumba na jicho la kutazamia.

Mama akainama. Akatazama. Akainua kichwa, akafuta macho kwa pindo la leso, akainama tena, akabadilisha jicho. Bonareri alisimama nyuma yake akiwa ameshika ukingo wa meza.

"Naona," Bathsheba akasema.

"Unaona nini, Mama?"

"Si hivyo vitu vyake? Naona. Ni vingi. Mwanangu amefanya kazi."

Bonareri akanyoosha mkono kwenye swichi ya taa. Angesema nini? Kwamba hakuna cha kuonekana? Angejuaje, kama si yeye aliyekifuta? Akazima taa, akarudisha slaidi kwenye friji, maana hakujua pengine pa kuiweka.

Walitembea hadi dukani. Karibu na mlango wa Sarla mama mkwe akasimama, akatazama bango la ng'ambo ya barabara akiwa amekunja uso, kisha akatazama viganja vyake mwenyewe.

"Daktari wa macho huja hapa kwenu siku gani?" akauliza taratibu.

"Alhamisi, Mama."

"Usimwambie Nehemiah. Atakuwa na wasiwasi."

Hapo Bonareri akaelewa alichokifanya, chote: mama hakuona kitu, na alidhani macho yake ndiyo yameharibika.

Sarla aliwafungulia nusu ya mlango. "Kuja ndani, Mama, kaa. Simu italia saa hii." Ikalia kweli. Bathsheba aliishika kwa mikono miwili, akapaza sauti kama watu wafanyavyo wakizungumza na mbali. Alisema ameiona kazi. Alisema inang'aa kote, hata majirani atawaambia. Alisema abaki, amalize alichoanza, Mungu amlinde. Sauti haikumtetemeka mpaka alipomaliza. Akampa Bonareri simu, akakaa kwenye robota la kitambaa, akajifikicha macho.

"Bonareri," sauti ikasema kutoka mbali. Alikuwa akiisikia sauti hiyo mara chache mno. "Mama anasema bado vinang'aa. Mimi nilidhani vimekwisha kitambo. Ulivitunza."

Rudi, Bonareri akataka kusema. Lakini mama mkwe alikuwa pale, futi chache tu, akifumba jicho moja na kutazama mwanga wa mlangoni, kisha akifumba la pili, akilinganisha.

"Nilivitunza," akasema.

"Nikutumie slaidi nyingine?"

Bonareri akamgeuzia mama mkwe mgongo ili asionekane uso.

"Tuma," akasema.