Mama Kwenye Skrini

Afisa ustawi wa jamii, mwanamke wa makamo, alikuwa ofisini, simu kaiegemeza kwenye chupa ya chai. Alikuwa akizungumza kwa video na bibi mmoja wa makao ya wazee yaliyo mji wa mbali. Tangu ofisi ipunguze safari, ziara za huko zilifanyika hivyo: mlezi anashika simu, wazee wanapokezana.

"Mguu unaendeleaje, bibi?"

"Mguu mzima, mwenye mguu ndiye mbovu!"

Bibi akaangua kicheko, mlezi naye akacheka mpaka simu ikamwenda upande. Hapo ndipo akaonekana mama mwingine nyuma yao, akianika nguo kwenye kamba. Alikung'uta shati, akalinusa, ndipo akalitundika.

Afisa akaacha kuandika. Ile namna ya kunusa nguo aliijua tangu anatambaa.

"Mlezi, yule mama ni nani?"

"Yule? Mgeni wetu. Aliletwa mwezi uliopita na mwanawe wa kiume."

Mama yake si anaishi kwa kaka yake? Jana tu kaka kamwambia mama hajambo, amelala, simu yake bado iko kwa fundi.

"Mama!" akaita kwa sauti iliyowageuza wenzake wote ofisini.

Yule mama aligeuka. Akaisogelea simu polepole, kama anayeogopa kung'atwa.

"Mama, unafanya nini huko?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe uliyesema niletwe? Kaka yako aliniambia mmekubaliana. Nikasema haya, wanangu wamenichoka."

Mlezi alibaki kaduwaa, na bibi mcheshi akainamisha kichwa.

"Haki ya Mungu, mama, sikujua. Nakuja."

Alimpigia kaka yake palepale.

"Mke wangu kajifungua, nyumba haitutoshi," kaka alisema. "Ningekwambia, ungenila mbichi."

"Na jina langu ulilitumia la nini?"

Hapo hapo simu ikakatwa.

Kesho yake alipanda basi la alfajiri. Alimkuta mama kaketi barazani, mzigo wake umeshafungwa. Kabla ya salamu, mama alimpapasa uso kwa kiganja kizima, mashavu mpaka kidevu, kuhakikisha si picha.

"Kweli ni wewe," akasema, na ndipo wote wawili wakalia.

Walirudi pamoja nyumbani kwa afisa. Siku za mwanzo mama aliongea kwa shida, na kila mlango ulipogongwa alishtuka. Kaka alikuja baadaye kuomba radhi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza hali ya mjukuu, akamtilia chai. Lakini kurudi kuishi kwa kaka, alikataa katakata.