Mti wa Nyuma wa Shiraa

Mti wa shiraa hauumizi bega, huumiza kiganja. Ukiubana sana, ngozi inachubuka. Ukiulegeza, kitambaa kinainama upande na mwanamke anayetembea ndani huonekana kisigino. Na kisigino cha mwanamke wa nyumba kubwa, siku zile, kilitosha kuzungumzwa barazani mpaka adhana ya isha.

"Inua," Wanza aliniambia kutoka mbele, bila kugeuka. "Wewe wabeba mti, au mti wakubeba wewe?"

Tulikuwa Ndia Kuu, alasiri imeshapita. Vibarua wawili walikuwa wakisukuma gari la Mzungu juu ya zile reli nyembamba za barabarani, wakielekea Kilindini, nasi tukajibana ukutani tuwapishe. Ndani ya kitambaa Bibi Saadia alikohoa kwa kukereka, maana vumbi halikujua ukubwa wa mtu. Mimi nilikuwa nyuma, ukaya umenifunika kichwa na uso, jasho likinitiririka shingoni. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Ile ndiyo kazi yangu ya kwanza, na kwetu hakuna aliyeijua.

Watoto wa leo hawajaiona shiraa, kwa hiyo nieleze. Ilikuwa kitambaa kizito cheusi kilichotandazwa juu ya miti miwili mirefu, mfano wa hema linalotembea. Wajakazi wawili walishika miti, mmoja mbele, mmoja nyuma, na bibi yao akatembea katikati asionekane na mtu. Mombasa walikuwa wameanza kuiacha. Serikali ilikwisha kutangaza kwamba hakuna tena mtumwa, na buibui halihitaji mbebaji. Lakini Bibi Saadia alikuwa ameolewa kutoka Lamu, na alisema buibui ni gunia, naye hakuzaliwa mchele.

Siku moja mjakazi wake wa nyuma akachukua uhuru wake akaenda nao Kilindini, kuwapikia uji wapagazi wa bandarini. Bibi Saadia akabaki ndani, hana wa kumtoa. Wanawake kisimani walicheka mpaka ndoo zikawaponyoka.

"Tanga lipo," alisema mmoja, "mabaharia ndio hakuna!"

Nami nilicheka. Kisha nikaenda nyumbani na maji yangu, na njia nzima sikufikiri jambo jingine.

Baba yangu, Hadi, alikuwa amefariki, na duka lake likafariki baada yake. Mama, Bi. Nabiha, alishona kofia. Watu walimjua kwa mkono wake: vitundu vyake vilikuwa vidogo na vya sawasawa kama punje za mtama. Lakini macho yalianza kufanya ukungu, na kofia zikaanza kurudishwa. Hakumwambia mtu. Jirani yetu, Bi. Mona, alipotuletea chakula, mama alisimama mlangoni akasema, "Ahsante dada, tumeshakula, tumeshiba," kwa sababu sahani ya jirani hairudi tupu, na sisi hatukuwa na cha kuirudishia. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, harufu ya samaki wa nazi ikinipita juu ya bega lake na kurudi ilikotoka.

Bibi Saadia alinipokea ukumbini kwake, ameketi juu ya zulia, tambuu shavuni.

"Jina lako?"

"Mwanakuu."

Akaacha kutafuna. Jina lile halikuwa la watu wa kushika miti. Akanitazama miguu, kisha mikono, kisha akafungua kinywa.

"Binti..." Hapo akainua kiganja kunizuia, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikisema. "La. Usinambie binti nani. Ukinambia, sitaweza kukuweka."

Akaanza kutafuna tena.

"Hapa utaitwa Tufaha. Na ukaya hutauvua mpaka urudi kwenu."

Mpaka leo sijui kama alinivua jina langu au alinifunika. Nimelipima jambo hilo miaka mingi, na mizani haijatulia. Najua tu kwamba kila alasiri niliyobeba, alinipa kibaba cha mchele na chochote kilichobaki jikoni. Mama nilimwambia nasoma kwa mwalimu wa kike huko Kuze, na kwamba mchele ni sadaka ya watu wanaosomewa maiti wao. Akasema, "Mungu awarehemu," akaupepeta.

Wanza ndiye aliyenifunza kazi. Watu wake walikuwa Wakamba. Mwaka ule wa njaa kubwa ya bara, baba yake alimleta pwani akamweka rehani kwa chakula, akaahidi kurudi mvua zikinyesha. Mvua zilinyesha. Nyumbani kwa Bibi Saadia aliitwa Zafarani, lakini tulipokuwa wawili alitaka nimwite Wanza.

"Zafarani na Tufaha," alisema. "Wakipata nyama, mimi na wewe ni karamu."

Alinifunza kupishana hatua zangu na zake ili kitambaa kisitikisike. Alinifunza pia jambo ambalo mtoto wa kiungwana hakulijua: kuamkia. Kwetu, asubuhi na jioni, nilimbusu mama mkono nikasema sabalkheri au masalkheri. Shikamoo ilikuwa salamu ya mtumwa kwa bwana wake, na haikuwahi kupita kinywani mwangu. Mara ya kwanza niliisema kwa sauti ya chini sana.

"Ah ah," Wanza alisema. "Waitafuna. Iteme."

Basi siku hiyo ya Ndia Kuu tulikuwa tukienda arusini, Kibokoni. Tulipofika, Bibi Saadia akatoka ndani ya kitambaa akapanda ngazi, nasi tukakunja shiraa, tukaketi dakani, ule ukumbi wa mlangoni, pamoja na wajakazi wa nyumba nyingine. Desturi ilikuwa hivi: kila mwanamke wa kiungwana aliyeingia, mjakazi aliyekuwa karibu na kizingiti alisimama, akamwamkia, akapokea viatu vyake. Akipita mtu bila kuamkiwa, ni aibu ya nyumba yenye arusi, na mjakazi asiyeamkia huulizwa ni wa nani. Zamu ilizunguka. Ilipofika kwangu nilipokea viatu vya wageni kadhaa, nikaanza kujiona hodari.

Ndipo wakaja wanawake wawili wamevaa mabuibui. Wa kwanza nilimjua kwa kicheko: Bi. Mona, jirani yetu. Wa pili alikuwa amemshika mkono, akitafuta ngazi kwa ncha ya mguu kabla ya kukanyaga.

Mama hakuwa ametoka kwenda arusini tangu msiba. Hakuwa na nguo ya kutokea. Sikujua kwamba adhuhuri ile, baada ya mimi kuondoka, Bi. Mona alikuja na buibui lake la pili akamwambia hatasikia neno la hapana.

Nilisimama. Uso wangu ulikuwa umefunikwa, na macho ya mama hayakuweza tena kuona tundu la sindano, sembuse mtu nyuma ya ukaya. Angepita. Nilichohitaji ni kunyamaza tu. Nikainama, nikanyoosha mikono yote miwili kupokea viatu, nikafunga kinywa.

Bi. Mona akasimama.

"We, mjakazi! Umemeza ulimi? Mkubwa apita, humwamkii?"

Nikainama zaidi.

"Wa nani huyu? Hebu nimwone uso."

Mkono wake ukaja kwenye ukaya. Kulikuwa na wageni wengine wanaoingia, na kila mmoja wao alimjua marehemu baba. Kitambaa kikiinuliwa, mama angekuwa ndiye mwanamke aliyemtoa binti yake kushika mti, na asingepanda ngazi ya mtu tena maisha yake.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

Sikuitafuna. Niliitema wazi, kama nilivyofundishwa.

Kicheko kilitoka juu ghorofani, kikakatika. Mama alikuwa ameinua mguu mmoja, akautua polepole. Mtu anaweza kuficha uso wake, lakini sauti yake mama ndiye aliyeifunza kusema.

"Marahaba," akaitika.

Kisha akavua makubadhi yake akayaweka mikononi mwangu yeye mwenyewe, jambo ambalo halikuwa desturi, maana viatu huachwa chini vikaokotwa. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Ukanda wa kushoto umelegea," alisema. "Uushike taratibu."

Ukanda ule nilikuwa nimeushona mimi asubuhi, nimeketi mlangoni kwetu, yeye akinielekeza kwa maneno kwa sababu hakuona.

"Twende, Mona," akasema. "Mtoto ameshaamkia." Akapanda, mkono mmoja ukutani.

Nikaketi na makubadhi mapajani. Wanza alisogea, akanitazama kwa muda, na nadhani aliona jinsi nilivyoyashika.

"Mamako?"

Nikatikisa kichwa kuitika. Machozi yalikuwa yamekwisha kulowesha ukaya, nao ukanigandama usoni.

"Aibu," nikasema. "Wanza, nimeona aibu."

Hakunibembeleza. Alichomoa uzi uliokuwa ukining'inia kwenye shiraa, akauviringisha kidoleni.

"Wangu akipita hapa," alisema, "nitamwamkia mpaka akome."

Nilirudi nyumbani baada ya magharibi, mchele umefungwa kwenye ncha ya leso. Mama alikuwa ameshafika, buibui limekunjwa vizuri kando, likisubiri kurudishwa kwa mwenyewe. Nilimkaribia kama kila jioni.

"Masalkheri, mama." Nikainama nimbusu mkono.

Akanipa mkono, lakini nilipomaliza hakuniachia. Alikigeuza kiganja changu juu na kukipapasa kwa kidole gumba, lengelenge moja baada ya jingine, namna alivyokuwa akipapasa kofia kutafuta kitundu kilichorukwa. Nilingoja aseme. Nilitaka hata anipige. Aliinuka akaleta mafuta ya nazi, akanipaka, akanifunga kitambaa.

"Mwalimu hajambo?" aliuliza.

"Hajambo."

"Umsalimie."

Akachukua mchele, akaupepeta.

Siku iliyofuata ya kutoka, nilikuta juu ya ukaya wangu, ambao nilidhani nimeuficha chini ya mkeka, kifuko kidogo cha kitambaa cha marekani kilichojazwa sufi, chenye kamba mbili za kufungia. Kilitosha kabisa kuuzunguka mti mahali pa kushika. Mama alikuwa amekitarizi kwa ule mtarizo wake wa kofia, lakini mistari ilikuwa ikipotea njia, ikikutana pasipostahili, na mahali pamoja palikuwa na doa la damu pale sindano ilipomkosea. Hakusema ni cha nini. Nilikifunga kwenye mti wa nyuma, na Wanza alipokiona hakufanya mzaha.

Nilibeba mpaka Bibi Saadia alipokubali kuvaa gunia kama wenziwe. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, mwishoni haoni kabisa, na jambo lile halikutajwa kati yetu, si kwa neno wala kwa fumbo. Sikumlaumu. Tulihitaji mchele, naye alilijua hilo kabla yangu. Lakini kila nilipomsalimia alikuwa mwepesi kunyoosha mkono, mwepesi mno, kana kwamba anawahi salamu nyingine isije ikatangulia.

Siku hizi mambo yamebadilika, na ni vizuri. Shikamoo ni adabu ya kila mtoto kwa kila mkubwa, hakuna anayeuliza ilitoka wapi. Wajukuu zangu huingia mbio kutoka chuo cha Kurani, wakaitupa mlangoni pamoja na viatu vyao, wote kwa pamoja. Nami huchelewa kidogo kuitika. Wao husema masikio yangu yamechoka, wakairudia kwa sauti kubwa zaidi.