Tangazo la Kifo cha Ulrich

Jumamosi asubuhi Ulrich alitangaza kifo chake mwenyewe, na hadi adhuhuri hakuna aliyempigia simu.

Usimcheke. Alikuwa akiitengenezea redio ya parokia ukurasa wa mtandaoni wa matangazo ya vilio: familia inaandika jina la marehemu na namba za ndugu, inabonyeza kitufe, kisha ukurasa unaiita skripti, programu fupi iliyo kwenye seva huko Ubelgiji, nayo inatuma mesaje kwa wote. Kabla ya kukabidhi kazi ilibidi aijaribu. Sasa, nani huku kwetu atathubutu kumwandika mtu aliye hai kuwa amekufa? Ni kumwitia kifo. Akajiandika yeye. Namba akazitoa kwenye simu yake: dada yake Mapendo kule kijijini Miti, wajomba, binamu, watu ambao hakuwa amewapigia tangu Pasaka.

Anwani ya majaribio, isiyomtumia mtu chochote, ilikuwepo. Alisahau tu kuiweka, ukurasa ukaita ile ya kweli. Skripti ikajibu kwa utiifu kwamba mesaje zote zimetumwa.

Alishika simu ili akanushe, kisha akaiweka mezani. Hebu aone kwanza nani atamlilia. Ni upumbavu, lakini mtu anayeishi peke yake kwenye chumba cha kupanga Ibanda mjini, anayesalimiana na mlinzi tu, huwa na hamu ya kujua jambo kama hilo. Akangoja. Chai ikapoa. Akajiambia kwa uchungu: kumbe angekufa kweli, hakuna ambaye angegeuza hata shingo.

Mwishowe alimpigia Mapendo, tayari kulaumu. Simu ilipopokelewa akasikia nyimbo za kanisa, viti vikiburutwa, wanawake wakilia. Ndipo akili ikamrudia. Nani humpigia marehemu simu? Watu huenda kwa mama yake.

Mapendo aliposikia sauti yake alipiga ukelele, simu ikamponyoka. Aliyeiokota ni mama yao, Maman Eulalie. Ulrich akaeleza kosa lake, akaomba msamaha.

"Kumbe uko muzima," akasema, sauti imekauka kwa kulia. "Tangu papa yako alikufa, hii nyumba haikujaa watu hivi. Watu wote iko hapa, Ulrich. Ni weye tu hauko."