Mahali pa Sauti ya Pili

Shirika la umma lililotuajiri lilipovunjwa, vyombo vya bendi yetu vilitolewa nje vikapangwa kando ya ukuta wa bohari, vikauzwa pamoja na madawati na majokofu mabovu. Gitaa langu la besi lilichukuliwa na mwenye duka la kaseti. Aliniuliza kama linaweza kulia bila umeme. Nikamwambia haliwezi. Akalichukua hivyo hivyo, nadhani kwa ajili ya kulitundika ukutani.

Nikodemo Matonya, mpiga solo wetu, hakuja kwenye mnada. Nyumbani kwake Kizota alikuwa na gitaa kavu, lisilohitaji umeme, mali yake mwenyewe, na kabla vumbi la mnada halijatulia alikuwa amekwisha kupata kazi. Wakati ule hoteli za watu binafsi zilikuwa zinachomoza mjini Dodoma kama uyoga, kwa sababu ya wabunge na maofisa waliokuja na vikao. Kila mwenye hoteli alitaka muziki wakati wa chakula cha jioni, lakini hakuna aliyetaka kulisha bendi ya watu wazima na wake zao. Nikodemo akamwambia meneja wa hoteli moja, kijana aitwaye Erick, kwamba atamletea bendi nzima ndani ya gitaa moja. Erick alicheka. Alipomsikia, akaacha kucheka.

Kuupanga wimbo wa bendi kwa gitaa moja ni kazi ya kunyang'anya watu. Dole gumba linachukua besi. Kidole cha shahada na cha kati vinachukua rizim. Kidole cha pete ndicho kinachobaki kuimba. Vidole havitoshi kwa watu wote, kwa hiyo mpangaji anakaa na wimbo wake na kuamua nani aingie na nani abaki nje. Nikodemo alikuwa fundi wa kuamua. Alilegeza uzi mnene mpaka ukanguruma, akafunga penseli kwa mpira wa baiskeli shingoni mwa gitaa ili kupandisha sauti, na kila palipotokea nafasi tupu kati ya mstari na mstari, alipajaza kwa noti za mbio zilizoteremka kama maji ya mvua juu ya bati. Hiyo ndiyo iliyokuwa alama yake tangu tulipokuwa kwenye bendi. Alisema ukiacha nafasi, msikilizaji anaikumbuka bia yake.

"Hilo dole gumba lako ndilo lililonifukuza kazi," nilimwambia siku moja nilipomkuta akifanya mazoezi barazani.

"Halikukufukuza, Batholomeo. Limekustaafisha kwa heshima."

"Bila mafao."

"Mafao kawaulize shirika."

Mkewe, Emiliana, alikuwa amekaa kwenye kigoda akipepeta mtama. "Msikilize huyo rafiki yako, shemeji," aliniambia. "Ameshaila bendi nzima. Sasa anaitafuta kwaya."

Ilikuwa kweli. Nikodemo alitaka kuupanga wimbo mmoja wa kwaya ya kanisa ya Zuzu, kijiji cha nje kidogo ya mji, kwaya ambayo Emiliana aliimba tangu usichana wake. Zamani ulikuwa wimbo wa wanawake wa kupura uwele. Kanisa liliupa maneno ya shukrani ya mavuno, lakini mwendo wake ulibaki ule ule wa fimbo zinazopanda na kushuka. Emiliana alishika sauti ya pili. Sauti hiyo katika wimbo ule haikuwa na njia yake iliyonyooka. Wenzake walipovuta pumzi, yeye aliingia, akazunguka kidogo juu yao au chini yao, na walipoingia tena, yeye akatoka. Hakuimba kile kile mara mbili. Wageni waliosikia wimbo ule walishangaa kwamba haukatiki hata mara moja, lakini wachache walijua ni nani aliyekuwa anaushikilia.

Haja ya kuupanga wimbo huo haikuwa ya hoteli. Emiliana alikuwa na rovu shingoni, nalo lilikuwa limekua mpaka likaanza kumbana pumzi usiku. Daktari alimwambia lazima likatwe, Dar es Salaam, na alimweleza wazi kwamba mshipa wa sauti unapita hapo hapo. Huenda akarudi na sauti yake. Huenda asirudi nayo. Siku hiyo hiyo Nikodemo alimwahidi jambo moja: vyovyote itakavyokuwa, sauti yake katika wimbo ule haitapotea. Ataiweka kwenye gitaa.

"Basi njoo Zuzu Jumamosi," Emiliana alimwambia pale pale barazani, mimi nikiwepo. "Tutakuwa wote, na Yudith atakuwepo kuongoza sauti ya kwanza. Ukae mbele yetu usikilize."

"Jumamosi kuna chakula cha wabunge."

"Jumamosi ijayo."

"Mama Debora, wimbo huo nimeusikia tangu sijakuoa. Nikiamshwa usingizini naweza kuuimba."

"Unaweza kuimba wa Yudith. Wangu huujui."

"Basi niimbie wako sasa hivi, peke yake. Niko hapa na gitaa liko hapa."

Emiliana aliweka ungo chini. Alijaribu. Alitoa noti mbili tatu, akanyamaza, akatikisa kichwa. "Hautoki," alisema. "Unatoka wenzangu wakinyamaza. Peke yangu nitakuwa nabuni tu."

"Mimi nimepiga muziki tangu ujana wangu," Nikodemo alisema, bila ukali. "Sauti ya pili ni sauti ya pili. Inakaa chini ya ya kwanza, inaifuata. Niachie mimi."

Mimi nilikuwa na redio kaseti yenye kinasa sauti, na kanda tupu zilikuwa zinauzwa kila kibanda sokoni. Nilisema twende nayo Zuzu, ninase kwaya nzima.

"Kanda ni ya mtu asiye na masikio," Nikodemo alinijibu.

Emiliana aliniangalia, kisha akamwangalia mumewe. Alikuwa anampenda kwa kiburi chake hicho hicho, nafikiri. Akachukua ungo wake, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya sukari. Bunge liliendelea na kikao chake, na Nikodemo hakupata Jumamosi hata moja. Kisha siku ya safari ikafika.

Emiliana alipokuwa hospitali, na binti yao Debora akimuuguza, Nikodemo alifanya kazi kama mtu anayejenga nyumba kabla ya mvua. Nilikuwa napita karibu kila siku. Aliweka mapigo ya fimbo kwenye dole gumba. Sauti ya Yudith akaiweka juu kabisa, kwenye uzi mwembamba, na chini yake akaisokota sauti nyingine, ya pili, ikitembea sambamba nayo kama watu wawili waliobeba ngazi. Pale kwaya ilipovuta pumzi, alimwaga zile noti zake za mbio. Ulikuwa mpango mzuri. Nimesikia magitaa mengi, nami nasema ulikuwa mpango mzuri. Usiku alipoupiga hotelini kwa mara ya kwanza, mbunge mmoja kutoka Kanda ya Ziwa aliacha samaki wake, samaki wa Mtera mwenye nazi, akaja kusimama karibu na kiti cha Nikodemo mpaka mwisho. Erick aliagiza upigwe kila jioni.

Emiliana alirudi kwa treni, shingo imefungwa kitambaa cha kijani. Rovu lilikuwa limeondoka. Sauti nayo ilikuwa imeondoka. Kilichobaki ni mnong'ono, kama wa mtu anayezungumza kanisani, na ilibidi uiname ili umsikie. Majirani walikuja kumpa pole na kumshukuru Mungu kwa uhai wake, na wote wakaanza kunong'ona pamoja naye bila kujua, hata yeye akacheka kwa mabega tu.

Watu walipopungua, Nikodemo alileta gitaa. Yudith, kiongozi wa kwaya, alikuwa amekuja kutoka Zuzu, naye alibaki. Nikodemo alikaa kwenye stuli, akalegeza uzi mnene, akafunga penseli yake, akapiga.

Emiliana alisikiliza akiwa amefumba macho. Mwanzoni kidole chake kilifuata mapigo ya fimbo gotini. Ubeti wa kwanza ukapita. Zikaja noti za mbio, na kidole kikasimama. Ubeti wa pili, ikawa vile vile. Wa tatu, alifumbua macho akamwangalia Nikodemo mkononi, si usoni, na aliendelea kuuangalia mkono huo mpaka wimbo ukaisha.

"Nzuri," alinong'ona. Kisha, kwa kuwa mumewe alikuwa bado anangoja, akaongeza: "Yudith yumo. Nimemsikia kabisa."

"Na wewe umo," Nikodemo alisema. "Hapa chini yake. Sikiliza." Akapiga ile sauti iliyotembea sambamba.

Emiliana akatikisa kichwa polepole. "Huyo simjui."

"Sasa wewe uko wapi?"

Aliinua mkono akaonyesha gitaa, mahali ambapo noti za mbio zilianzia. "Pale unapokimbia. Pale ndipo nilipokuwa nakaa."

Yudith alijifunga upya kanga yake kiunoni, kama mtu anayetafuta shughuli.

Baadaye Nikodemo akaupiga tena, polepole, bila noti za mbio. Kila mahali ambapo kwaya ingevuta pumzi aliacha nyuzi zilie zenyewe, akasubiri. "Niambie," alisema. "Ulikuwa unaanzia wapi? Juu? Chini?"

Emiliana alifungua mdomo. Ilitoka hewa tu. Akajaribu kuonyesha kwa mkono, kiganja kikipanda, kikizunguka, kikishuka, na Nikodemo akakifuata shingoni mwa gitaa kwa vidole vyake.

"Hivi?"

"Hapana."

"Basi hivi."

"Karibu. Hapana."

"Yudith, wewe ulikuwa unasimama naye bega kwa bega. Alikuwa anapitaje?"

"Baba Debora, mimi hapo nilikuwa navuta pumzi," Yudith alisema. "Wote tulikuwa tunavuta pumzi. Tulijua tu kwamba yupo." Akafikiri kidogo. "Juzi tumeimba na msichana mpya. Wimbo unakatika."

Walijaribu mpaka jua likazama na Debora akaleta taa. Nikodemo alipata noti nyingi nzuri jioni ile. Kila moja Emiliana aliisikiliza kwa uvumilivu, kisha akatikisa kichwa, na mwishowe aliweka mkono wake juu ya nyuzi zikanyamaza. "Tuache, baba Debora," alinong'ona. "Hata mimi sasa siukumbuki. Ulikuwa haukumbukwi."

Hotelini Nikodemo aliendelea kuupiga kwa muda. Alikataa kurudisha noti za mbio, na mahali pale akaacha patupu. Jioni ya kwanza Erick alikuja mbio akidhani uzi umekatika. Jioni ya pili alimwambia kwamba wageni wanafikiri mzee amesahau wimbo wake. Nikodemo, ambaye katika maisha yake hakuna aliyewahi kumwambia amesahau wimbo, alisema ni kweli, amesahau. Akauondoa, akawapigia nyingine.

Huupiga nyumbani tu sasa, nami huwa napita kuusikiliza. Kila afikapo pale kwaya ilipokuwa ikivuta pumzi, anainua vidole kutoka kwenye nyuzi na kungoja. Emiliana, popote alipo barazani, anainua kidevu kidogo na kuvuta pumzi kama mtu anayetaka kuingia. Anaishikilia. Halafu anaiachia taratibu. Nikodemo hungoja kupita kiasi, zaidi ya wimbo unavyoruhusu, mpaka mapigo ya fimbo yanapotea, na inambidi aanze upya tangu mwanzo.